Siku Afande Alipocheza Kikapu

Watu wa Mbale wakinikuta uwanjani na kipenga shingoni huniuliza swali lile lile: kati ya kandanda na mpira wa kikapu, upi ndio mchezo hasa? Huwa nawajibu kwa adabu kwamba kila mchezo una utamu wake. Uongo mtupu. Mimi kandanda nalichukia, na nina sababu, na sababu yenyewe ina miguu miwili na ndevu nyeupe, na inaishi Jinja.

Sitajifanya mtu mwema katika habari hii. Wapo wanaosamehe, Mungu awazidishie. Mimi nilikaa miaka kumi na mmoja nikiomba kitu kimoja tu, kwamba mtu yule aingie mikononi mwangu, na alipoingia sikumwachia.

Nilizaliwa Jinja, upande wa Masese, kwenye nyumba zetu Wanubi. Babu zetu waliletwa huku wakiwa askari, na uaskari haukututoka hata bunduki ziliporudishwa. Nyumbani tulisema Kinubi na Kiswahili. Majirani zetu Wasoga walipotusikia na Kiswahili chetu walinyamaza kidogo, maana wao lugha hiyo waliisikia kwanza midomoni mwa wanajeshi. Kwetu ilikuwa lugha ya kuombea chumvi. Baba yangu alikuwa dereva jeshini. Mkubwa ambaye baba alikuwa akimwendesha alistaafu mwaka mmoja naye, akajenga mtaa wa pili, akaanzisha timu ya kandanda ya vijana. Huyo ndiye Afande. Jina analo, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia, hata mkewe.

Kwetu cheo hakistaafu. Afande akipita mbele ya baraza yetu, baba husimama. Akiwa anakula, husimama na tonge mkononi. Msikitini, baba akishakaa safu ya mbele na Afande akachelewa, hurudi nyuma ampishe, na hakuna anayeona ajabu. Nilikua nikiyaona hayo, nikadhani kila baba duniani ana mtu wake wa kumsimamia.

Niliingia kwenye timu nikiwa na miaka kumi na sita, nikawekwa golini. Nilikuwa mrefu, mikono mirefu, na nilikuwa hodari. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayesema. Afande alikuwa na njia moja ya kushinda. Tukipata goli moja, basi, kazi imekwisha, kilichobaki ni kuua saa. Beki anarudisha mpira kwa kipa, kipa anampa beki mwingine, mshambuliaji akiguswa na upepo anaanguka ameshika goti, na mimi nikidaka nalalia mpira kama kuku anayeatamia. Afande anatembea kando ya mstari akiamuru: rudisha nyuma, lala chini, rudisha nyuma. Watu walituzomea, lakini tulishinda, na vijana wa umri ule wakishinda hawaulizi sana.

Sasa nikuambie ubaya wa kandanda ulipo. Saa yake iko mkononi mwa mtu mmoja. Nyinyi ishirini na wawili mnakimbia, mtaa mzima umesimama juani, na anayejua kumebaki dakika ngapi ni refa peke yake. Akitaka anaongeza, akitaka anapunguza, na ukimwuliza unaonyeshwa kadi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane tulipofika fainali. Tulikuwa mbele kwa goli moja, mwisho umekaribia, na Afande alikuja nyuma kabisa karibu na goli langu akaniamuru nilale. Nikadaka, nikalala. Nikadaka tena, nikalala tena. Mara ya tatu refa alinijia, akagonga saa yake kwa kidole, maana yake muda ninaoula nitautapika. Na aliurudisha wote. Katika muda huo wa kuongeza wenzetu wakapiga kona, mpira ukamgonga beki wetu begani, ukageuka, na mimi nimesharukia upande mwingine. Goli. Tukaenda penalti, tukafungwa.

Ubaya wa pili wa kandanda ni huu. Mshambuliaji akikosa mara kumi akapata moja, anabebwa mabegani. Kipa akiokoa kumi akafungwa moja, ile moja ndiyo itakayoandikwa kwenye kaburi lake. Afande alituita katikati ya uwanja, watu wakatuzunguka, akasema kwa sauti ya paredi kwamba kijana huyu ameuza mechi. Eti asubuhi alinikuta nimesimama na mtu wa timu ile. Kweli nilisimama naye. Alikuwa akiniuliza choo kiko wapi. Afande hakutaka kusikia. Aliniamuru nivue jezi palepale, nikaivua, nikatembea kifua wazi mpaka nyumbani, na watoto wakinifuata wakiimba muuza mechi, muuza mechi.

Nilimkuta baba barazani. Alikuwepo uwanjani lakini alitangulia kuondoka. Nilimweleza yote, nikiapa wallahi kwamba sikuuza kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, kama ni kweli Afande amesema hivyo mbele za watu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi."

Neno hilo moja ndilo lililoniharibia maisha. Tangu siku ile baba hakunena nami ila salamu. Wiki iliyofuata nilipelekwa Mbale kwa shangazi yangu. Nilipooa, mama alikuja na ndugu zangu walikuja, yeye akatuma watu waseme ana homa. Nikienda Jinja Idi, ananijibu salamu akitazama barabara. Kwa hiyo nilichokitaka kwa Afande hakikuwa machozi wala fidia. Nilitaka ule mdomo uliosema uongo ufunguke mbele ya baba useme kweli, na baba asikie kwa masikio yake. Mengine yote yalikuwa chumvi tu.

Shangazi alikuwa akiuza vitenge soko la Nakaloke, na mimi nikawa mbeba marobota wake. Njiani palikuwa na shule yenye uwanja wa saruji, mlima wa Wanale ukiwa juu yake. Mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, aliniona napita akaniomba nimfungie nyavu za vikapu, maana mimi sikuhitaji ngazi ndefu. Nilipomaliza akanipa mpira nijaribu. Kitu cha kwanza kilichonishangaza si kikapu, ni meza. Pembeni ya uwanja palikuwa na meza, na juu ya meza saa kubwa imegeuziwa watu. Nikauliza nani anaruhusiwa kuitazama. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Mara ya kwanza nilipokosa kikapu katika mechi nilishika kichwa kwa mikono miwili, nikangoja matusi. Nilipoinua macho wenzangu walikuwa wameshakimbilia upande wa pili, na mmoja ananiita nikazuie. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunichukia. Na ukicheza rafu, inaandikwa pale mezani mbele ya namba yako, moja, mbili, mpaka tano, ya tano unakwenda kukaa. Huhukumiwi kwa kuonekana umesimama na mtu. Nilipenda mchezo ule kama mgonjwa anavyopenda dawa. Mwalimu alipohama aliniachia kipenga, na mpaka leo timu ya vijana pale ni yangu.

Haki nayo isemwe. Shangazi hakuupenda mpira wa kikapu hata siku moja. Alisema ni mchezo wa watu wasiojua furaha, wanafunga na kufunga na hakuna anayeruka. Na kweli, ile kelele ya goli moja baada ya dakika themanini za njaa, mtaa mzima ukipasuka kwa pamoja, katika kikapu haipo. Naikumbuka. Nikiikumbuka nakasirika zaidi, kwa sababu ilikuwa yangu na nilinyang'anywa.

Basi malipo ni hapahapa duniani. Mwaka juzi, Jumamosi moja, Afande alileta vijana wake Mbale kucheza mechi ya kirafiki. Usiku uliotangulia mvua ya mlimani ilimwagika, na asubuhi kiwanja cha kandanda kilikuwa matope ya kupandia mpunga. Waandaaji walihangaika hapa na pale. Uwanja wetu wa saruji uko jirani, na jua la saa nne lilikuwa limeshaukausha. Nilikuwa na vijana wangu mazoezini nilipomwona amesimama nje ya mstari, mikono nyuma, anatazama kwa dharau. Amezeeka, lakini mgongo uleule ulionyooka. Nilisikia damu ikinipanda mpaka masikioni.

Nikamwendea, nikamwamkia shikamoo, kwa maana adabu ni adabu. Alinitambua. Akawageukia vijana wake akawaambia kwa furaha kabisa kwamba huyu ndiye yule aliyetuuzia fainali, na sasa amekimbilia mpira wa wasichana. Wakacheka. Vijana wangu wakanitazama, maana hawakuwahi kuijua habari hiyo.

Nilimwambia mbele ya wote kwamba amesafiri mbali, si vizuri arudi bila kucheza. Vijana wake wanne walishacheza kikapu shuleni, nilikuwa nimewasikia wakijisifu. Basi tucheze hapa, na tuwekeane ahadi. Akinishinda, nitasimama katikati ya uwanja nikiri kwamba fainali ile niliiuza, na arekodi kwa simu akawaonyeshe Masese nzima. Nikimshinda, tunapanda gari lake mpaka Jinja, na atamwambia baba yangu ukweli, kwa mdomo wake.

Afande alikuwa na ubaya wote, lakini uoga hakuwa nao. Akanipa mkono. Refa wetu akataka kumsomea sheria. Afande akampungia mkono akasema mpira ni mpira, yeye amefundisha kabla refa hajazaliwa. Niliposikia hivyo moyo wangu ulicheka. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hapa nitasema jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu. Vijana wa Afande walikuwa na pumzi na nguvu, lakini tungeweza kuwafunga vikapu thelathini na wakaenda zao. Sikutaka hivyo. Angesema si mchezo wake, akapandisha mabega, na ahadi ikaishia hewani. Nilitaka ashindwe kwa akili yake mwenyewe, kwa amri zake mwenyewe, huku kila mtu anasikia. Kwa hiyo wachezaji wangu wawili bora niliwakalisha benchi, na waliobaki nikawaambia wawafuate wageni kwa karibu lakini wasiwapite. Ndiyo, naelewa. Mtu aliyesingiziwa kuuza mechi alikuwa akiichezea mechi. Sikuona aibu hata chembe.

Tulikwenda hivyo mpaka robo ya mwisho. Wao mbele pointi mbili, sisi tunasawazisha, wao mbele tena. Watu wa sokoni walikuwa wameshajaa. Zilipobaki dakika mbili, wageni walikuwa mbele kwa pointi nne, na nikaanza kuogopa kwamba nimejichimbia shimo mwenyewe. Kama Afande angewaacha vijana wake wacheze tu, ningesimama pale nikiri dhambi ambayo sikuitenda.

Lakini mtu haachi alichozoea. Nilimwona akitazama saa ya mezani, akihesabu kwa midomo, kisha akaanza kutembea kando ya mstari kwa mwendo ule ninaoujua. Akaamuru, "Rudisha nyuma!"

Kijana wake alikuwa ameshavuka katikati na mpira. Alimtii. Akautupa nyuma kwa mwenzake, ng'ambo ya mstari wa kati. Filimbi. Katika kikapu ukishavuka katikati huruhusiwi kurudi tena nyuma na mpira, ukirudi unanyang'anywa. Tukapewa mpira, tukafunga, zikabaki pointi mbili. Afande hakuelewa kilichopigiwa filimbi, akadhani refa anatupendelea, akaamuru vilevile. Kijana mwingine akarudisha tena nyuma. Filimbi tena, mpira wetu, kikapu, tukawa sare. Hapo niliwaingiza wale wawili wa benchi.

Afande sasa alitaka kupoza mchezo wajipange. Akaamuru walale. Kijana mmoja akaanguka ameshika goti, anabingirika kwa ufundi kabisa, ningempa zawadi. Refa akasimamisha mchezo, na binti aliyekaa mezani akabonyeza kitufe. Namba zikaganda. Kijana akalala, namba zimeganda. Watu wakaanza kucheka kabla Afande hajajua wanacheka nini. Alimwendea yule binti akamwuliza kwa nini saa imesimama. Binti akamjibu kwa upole, "Inasimama filimbi ikilia, mzee. Hata mkilala mpaka kesho inawasubiri."

Sijui kama nitasikia tena maneno matamu kama yale. Afande alimtazama yule mtoto kama mtu aliyeambiwa kwamba duniani hakuna usiku. Kwa hasira, mchezaji wake aliupiga mpira teke mpaka barabarani, ukaingia kwenye vibanda vya ndizi. Saa ikaungoja nao. Walipoachiliwa wacheze walikuwa wamechanganyikiwa, wanashika mikono ya watu ovyo, na sisi tukapewa mitupo ya adhabu. Tukatupia. Tukaongoza kwa moja, kisha kwa tatu. Saa ikafika sifuri, kengele ikalia.

Afande alimwendea refa akamtaka aongeze muda wa majeruhi. Refa alimwonyesha ile saa tu. Umati ulipiga vigelegele, na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga kwa sauti kuliko wote. Nilimsogelea mzee wa watu karibu na uso nikamwambia, "Afande, ile fainali uliniamuru nilale. Muda ule uliuongeza wewe." Akatembea kwenda kwenye gari. Nilifurahi kuona mgongo wake umeinama kidogo.

Tukapanda. Tulipita Busiu, tukashika njia ya Jinja. Mimi nilikaa nyuma yake makusudi, nikikitazama kisogo chake njia nzima. Nilikuwa najipangia jinsi baba atakavyonitazama. Nilipanga hata atakachosema. Nilimpa maneno mazuri sana.

Tulifika alasiri. Baba alikuwa barazani. Alipomwona Afande akasimama, kama kawaida, na mara hii Afande naye hakukaa. Wakawa wamesimama wazee wawili, wanatazamana. Nitampa Afande haki yake, hakuzunguka. Alisema, "Mwanao hakuuza. Mimi nilimwamuru alale, refa akaongeza muda. Nilisema uongo ili lawama isije kwangu."

Baba akasema, "Ndiyo, Afande."

Basi. Si mshangao, si hasira, hakunigeukia. Ndiyo, Afande, kama mtu aliyeambiwa awashe gari. Afande aliaga akaenda zake, na baba akangoja mpaka alipokata kona ndipo akakaa. Mimi nilibaki nimesimama pale juani. Nikamwuliza kama alikuwa anajua.

"Nilikuwa nyuma ya goli lako," akasema. "Nilimsikia akikuamuru."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Nikamwuliza sasa kwa nini. Alifikiri kidogo, kwa uaminifu, akitafuta jibu la kweli. Akasema Afande alikuwa ameshasema mbele za watu, na yeye angesema nini tena. Wala hakuona kwamba ni kitu kibaya alichokuwa akiniambia. Alidhani ananieleza utaratibu.

Miaka kumi na mmoja nilimchukia mtu mmoja kwa jambo la watu wawili. Afande alinisingizia kwa dakika moja, akiwa na hasira ya kushindwa. Baba alinisingizia kila siku, kwa utulivu, kila nilipompa salamu akatazama barabara. Afande nimekwishammaliza. Tukikutana Idi namwamkia shikamoo na simsikii tena kifuani. Ile hasira haikwenda popote, ilihama nyumba tu.

Mwezi uliopita baba alinipigia simu. Maisha yangu yote hajawahi kunipigia. Alizunguka sana, akauliza habari za wajukuu, za mvua ya Mbale, mwisho akasema amesikia vijana wangu watacheza Jumamosi, na yeye hajawahi kuuona mchezo huo, angependa aje akae anitazame nikifundisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Nikamwambia haiwezekani, viti vyote vimechukuliwa. Uwanja wetu hauna kiti hata kimoja cha watazamaji, watu wote husimama.